Hawakuulizana

Mwaka 2018 Joyce Antler, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Massachusetts, alichapisha kitabu chake Jewish Radical Feminism. Ndani yake mna visa vya wanawake kama 40 waliolijenga vuguvugu la ukombozi wa wanawake Marekani kuanzia miaka ya 1960 mpaka ya 1980, wote Wayahudi. Kilichomkera mwandishi, au tuseme kilichomnyima usingizi, ni kwamba wengi wao walikutana wiki baada ya wiki wakaambiana kila kitu: ya kitandani, ya mimba walizotoa, ya baba wakali na mama wasioridhika. Uyahudi wao hawakuutaja. Hawakuulizana. Miaka 40 baadaye akaja yeye kuwauliza.

Alikuwa na haki hiyo? Nimewakalisha watu watatu walibishanie jambo hili. Shangazi ni mwalimu wa historia mstaafu, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Nairobi. Mpwa ni binti wa kaka yake, mwanasheria anayetetea kesi za wanawake. Jirani alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi bandarini. Kazi yangu ni kuandika wasemayo, na kudakia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MPWA: Shangazi, kitabu nimekisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kwa hiyo usije ukaniambia nilipitia juu juu. Nakikataa tangu mlangoni. Watu waliokuwa na mazoea ya kuhesabu Wayahudi ndani ya harakati walikuwa ni maadui wao. Ulaya kabla ya vita, Marekani wakati wa kuwasaka wakomunisti, maneno yalikuwa yale yale: tazama majina, tazama nani yuko nyuma ya fujo hizi. Leo msomi mwema anakuja na orodha hiyo hiyo, ila yeye anaipigia makofi.

SHANGAZI: Umeanza na hoja nzito, nami sitaipangusa kwa mkono. Lakini hebu twende Chicago kwanza, maana bila Chicago tutabishana hewani. Mwaka 1967, kiangazi kinaisha, makundi ya mrengo wa kushoto yamekusanyika hotelini kwa mkutano mkubwa wa siasa mpya: wapinga vita vya Vietnam, Weusi wa haki za kiraia, wanafunzi. Wanawake wakaandaa azimio lao. Likawekwa kando. Shulamith Firestone, msichana wa miaka 22, na Jo Freeman wakasimama kudai lisomwe. Mwenyekiti akampigapiga Firestone kichwani kama mtoto, akamwambia atulie, yako mambo makubwa zaidi ya kujadiliwa.

JIRANI: Kichwani?

SHANGAZI: Kichwani, mbele ya watu. Wanawake wa Chicago wakawa na kikundi chao wenyewe, kikaitwa kwa jina la mtaa, West Side Group, miongoni mwa vikundi vya mwanzo kabisa vya ukombozi wa wanawake nchini humo. Sasa tazama nani walikuwamo. Heather Booth, aliyekuwa Mississippi kiangazi cha 1964 kuandikisha Weusi kupiga kura, na mwaka uliofuata, akiwa bado mwanafunzi, akaanza kuwaunganisha wasichana wenye mimba na madaktari wa kuzitoa, kazi iliyokua ikawa mtandao wa siri ulioitwa Jane. Vivian Rothstein, aliyekwenda mpaka Hanoi mabomu yakidondoka. Naomi Weisstein, mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, aliyeandika kwamba saikolojia ya zama zake haikujua lolote kuhusu wanawake, kisha akapiga piano katika bendi ya roki ya wanawake wenzake. Amy Kesselman. Firestone mwenyewe, kabla hajahamia New York. Wote hao Wayahudi. Jo Freeman siye, na yeye ndiye aliyehariri jarida lao. Antler alipowakuta uzeeni, wakamwambia kwamba jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa. Hata mara moja.

MPWA: Kwa sababu halikuwa na maana kwao! Walikuja kama wanawake. Mtu akikwambia mimi nimekuja mkutanoni kama mwanamke, wewe ni nani kumwambia, la, umekuja kama Myahudi, ila hukujua?

SHANGAZI: Mwanangu, wewe ni wakili. Shahidi akikaa kimya juu ya jambo moja tu kati ya mia, na hayo 99 yote kayamwaga, hutamuuliza?

MPWA: Nitamuuliza. Lakini jibu sitamwandikia mimi.

(Nadakia. Hapa ndipo mjadala ulipo, na wengi wa wanaokisifu kitabu hiki wanapapita mbio. Ukimya wa watu wanaozungumza sana una sababu, na kuitafuta sababu ni kazi halali ya mwanahistoria. Kuijaza sababu hiyo kwa jina ulilolipenda mwenyewe ni kazi nyingine.)

JIRANI: Mniruhusu. Nyinyi mnazungumza kama kwamba wanawake hawa walianguka kutoka mbinguni mwaka 1967. Mimi nilipokuwa chama cha wafanyakazi tulisomeshwa habari za New York mwaka 1909, mgomo wa washonaji wa blauzi. Wanaume wa chama wanazungukazunguka na hotuba, akanyanyuka msichana mmoja mhamiaji, Clara Lemlich, akasema kwa Kiyidi kwamba amechoka na maneno, watu wagome. Wakagoma washonaji 20,000, wengi wao wasichana wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki. Baada ya hapo, Machi 1911, kiwanda cha Triangle kikaungua, wakafa watu 146. Sasa mkiniuliza kwa nini wajukuu wa watu hao walikuwa wengi kwenye vuguvugu, nitawaambia mtazame cherehani. Dini mnaitafutia nini?

SHANGAZI: Na Antler angekubaliana nawe kwa sehemu kubwa, bwana. Kitabu chake cha mwaka 1997 kilifuata wanawake wa Kiyahudi katika karne nzima ya Marekani, na hao wahamiaji wamo. Yeye hasemi dini. Wengi wa hawa wa Chicago na New York walikulia nyumba ambazo sala ilikuwa imeisha, siasa ikabaki. Baba amewahi kuwa mkomunisti, bibi aligoma.

JIRANI: Basi ni tabaka.

SHANGAZI: Tabaka peke yake halielezi kimya. Mtoto wa mfanyakazi hakosi kusema bibi yangu alikuwa mfanyakazi, anajivunia. Mbona hawa hawakusema bibi yangu alikuwa Myahudi? Wazazi wao walizaa watoto wakati Wayahudi milioni sita wanauawa Ulaya, au mara tu baada ya hapo, na nyumba nyingi zilichagua kutolizungumza jambo hilo mezani. Kisha wakaingia kwenye harakati ambako fahari ilikuwa kupigania watu wote. Anayetaja kabila lake anaonekana amerudi nyuma. Wakasimama karibu na Weusi waliokuwa wakipigwa na polisi, na wao wana ngozi nyeupe na karo ya chuo imelipwa. Ungekuwa wewe, ungepata wapi mdomo wa kusema nami nina maumivu ya ukoo wangu?

MPWA: Hilo nalikubali. Limenigusa hata. Lakini angalia njia aliyopatia majibu hayo. Mwaka 2011 aliandaa mkutano katika Chuo Kikuu cha New York, akawaita hao wanaharakati, ukumbi mmoja, mada ni ukombozi wa wanawake na Uyahudi. Ukimwita mtu kwenye ukumbi wenye mada hiyo, atajitafuta mpaka apate Uyahudi wa kusema. Miaka 40 imepita. Kati yake kuna mengi yaliyompata, kuna wajukuu, kuna kufiwa, kuna kwenda sinagogi kwa mara ya kwanza baada ya mazishi ya mama. Anachokikumbuka kuhusu 1968 kimepikwa katika sufuria ya 2011.

SHANGAZI: Na nyaraka? Ameketi kwenye hifadhi, amesoma barua na kumbukumbu za vikao.

MPWA: Kwenye kumbukumbu za vikao ndiko kulikokuwa na kimya, shangazi! Wewe mwenyewe umesema. Kwa hiyo ushahidi wa sababu ya kimya umetoka midomoni mwa wazee tu.

SHANGAZI: Midomoni mwa wazee ndimo tulimopata nusu ya historia ya pwani yetu, na hatujaitupa. Tunachofanya ni kumsikiliza huyu na yule, na kuona wapi wanapishana. Na humo wamepishana. Wako waliosema ndiyo, sasa naona, kila nilichofanya kilitoka nyumbani kwetu. Wako waliosema Uyahudi wangu haukuwa na uzito wowote, nyinyi endeleeni.

(Kwa habari ya mkutano ule mimi niko upande wa Mpwa: uliumba sehemu ya ushahidi ambao kitabu kinauegemea. Ila Shangazi naye kasema kweli kwamba wapinzani hawakufutwa. Mwandishi dhaifu angewapunguza sauti.)

JIRANI: Tutoke Chicago. Kuna kitabu kile cha miili ya wanawake. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliletewa nakala na muuguzi mmoja, akaificha kabatini miaka mingi. Nacho ni cha hao?

SHANGAZI: Cha Boston. Mwaka 1969 wanawake walikutana kwenye warsha katika Chuo cha Emmanuel, na ucheke sasa, maana ni chuo cha Kikatoliki. Wakaanza kulalamikia madaktari wao. Hawakupata daktari hata mmoja wa kumpendekeza mwenzao, wakaamua kujifunza wenyewe: kila mmoja achague mada, akasome, arudi awafundishe wengine. Mwaka 1970 wakachapisha kijitabu cha kurasa 193 kwenye karatasi ya gazeti, senti 75. Kikaenda mkono kwa mkono. Mwaka 1973 kampuni kubwa ya uchapishaji ikakichukua, Our Bodies, Ourselves, kikazunguka dunia. Katika waanzilishi 12, tisa walikuwa Wayahudi.

JIRANI: Mwalimu, tumbo la Myahudi na la Mkatoliki linauma sawasawa. Uyahudi umeongeza nini katika sura ya hedhi?

MPWA: Asante, mzee wangu. Hapo ndipo kitabu kinapoyumba. Tisa kati ya 12 ni namba ya kustaajabisha, inakufanya ukae wima. Halafu unasubiri uambiwe, kwa hiyo? Na unaloambiwa ni kwamba nyumba za Kiyahudi zilipenda kusoma, zilipenda kubishana mezani, mama walikuwa na sauti. Nyumba ya babangu hawakubishana mezani? Shangazi, wewe hapa unabishana kwenye meza ya nani?

SHANGAZI: (anacheka) Yako.

MPWA: Na la ajabu, Antler ndiye aliyeandika, mwaka 2007, historia nzima ya kikaragosi cha mama wa Kiyahudi: yule anayelisha kupita kiasi na kulalamika hapigiwi simu. Alionyesha jinsi wachekeshaji wa redio na televisheni walivyomtengeneza. Mtu aliyekibomoa kikaragosi hicho asingetakiwa kukiingiza tena kwa mlango wa nyuma, safari hii akiwa shujaa.

SHANGAZI: Hilo nitakuachia. Kwa Boston, namba inasema mengi kuliko maelezo yake.

JIRANI: Kumbe mnaweza kukubaliana!

SHANGAZI: Usizoee. Maana kitabu kina nusu ya pili, na humo hoja ya mpwa wangu kwamba jina wamebandikwa haina pa kushika. Humo wamo wanawake waliosema Uyahudi wao kwa sauti, tena mbele ya marabi. Machi 1972 kikundi cha wasichana wasomi wa New York, Ezrat Nashim, kilikwenda kwenye mkutano wa mwaka wa marabi wa madhehebu ya Conservative bila kualikwa. Wakagawa madai yao. Tuhesabiwe katika wale watu kumi ambao bila wao sala ya jamaa haisimami. Tukubaliwe kuwa mashahidi. Tuweze kuomba talaka. Tusomee urabi. Mmoja wao, Paula Hyman, baadaye akawa mwanahistoria mkubwa wa Wayahudi.

JIRANI: Talaka ilikuwaje?

MPWA: Kwa sheria yao ya dini hati ya talaka hutolewa na mume. Akikataa, mke amefungwa. Hawezi kuolewa tena, na mume anaweza kupotelea mbali miaka ishirini.

JIRANI: Ah. Kesi za namna hiyo nimezisikia nje ya mahakama ya kadhi pale Mombasa, mwanamke ameshika bahasha, mume hajulikani aliko.

SHANGAZI: Basi hao hawakuhitaji profesa wa kuwaambia wao ni nani. Na mlango ukafunguka, ingawa kwa kukwaruza. Madhehebu ya Reform yalimpa Sally Priesand urabi mwaka huo huo wa 1972. Conservative walikubali kuhesabu wanawake katika wale kumi mwaka 1973, urabi wakauzuia mpaka 1985, Amy Eilberg. Na katika hayo yote wengi walidhani Priesand ni wa kwanza duniani. Alikuwapo Regina Jonas, Ujerumani, aliyepewa urabi mwaka 1935 akauawa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944, akasahaulika mpaka karatasi zake zilipoonekana baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka. Wewe unaogopa orodha, mwanangu. Mimi naogopa sanduku lisilofunguliwa.

MPWA: Kufungua sanduku la Jonas ni kumrudishia jina alilolidai mwenyewe. Sina ugomvi. Ugomvi wangu ni wale wasiodai.

SHANGAZI: Haya, basi tuulize waliobadilika njiani, maana ndio wengi. Unajua nani aliyewafungulia mlango wa kusema? Wanawake Weusi. Mwaka 1977 kikundi cha Combahee River, hapo hapo Boston, kilitoa tamko kwamba siasa yao inaanzia pale walipo, kama wanawake, kama Weusi, kama wasagaji. Wayahudi wakasikia, wakaanza kujiuliza. Mwaka 1982 Evelyn Torton Beck akatoa mkusanyiko wa maandishi ya wasagaji wa Kiyahudi, na Letty Cottin Pogrebin akaandika katika jarida la Ms. makala ndefu kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi ndani ya vuguvugu lenyewe. Barua zikamiminika.

MPWA: Nyingine za kumpinga, na nyingine kutoka kwa Wayahudi wenzake. Maana hapo swali la Israeli liliingia, na likiingia hilo hakuna anayekaa vizuri kwenye kiti.

SHANGAZI: Liliingia kupitia Umoja wa Mataifa. Mkutano wa wanawake wa Mexico, 1975, tamko lake liliuweka Uzayuni kwenye orodha ya mambo ya kufutwa, pamoja na ukoloni na ubaguzi wa rangi. Copenhagen 1980, tena. Wanawake wa Kiyahudi wa Marekani walirudi kutoka Copenhagen wakisema wametukanwa usoni. Wapalestina nao wakasema, na sisi tuliofukuzwa makwetu tuseme wapi? Halafu ikaja Nairobi.

JIRANI: 1985! Mji ulipakwa rangi.

SHANGAZI: Nilikuwa nafundisha. Tulikwenda Chuo Kikuu cha Nairobi kwenye lile jukwaa la mashirika, wanawake zaidi ya elfu kumi, hujapata kuona vitambaa vya kichwa vya namna ile mahali pamoja. Betty Friedan, Myahudi na mmoja wa viongozi wa vuguvugu la wanawake Marekani, alikaa chini ya mti kila siku, mtu yeyote akaenda kuzungumza naye. Palikuwa na Hema la Amani, na humo wanawake wa Israeli na wa Palestina walikabiliana kwa maneno. Huku kwenye jumba la KICC, mkutano wa serikali, Margaret Kenyatta mwenyekiti, ulikuwa karibu kuvunjika kwa neno moja hilo hilo. Ujumbe wa Kenya ukaleta pendekezo: liondoke neno Uzayuni, liwekwe aina zote za ubaguzi wa rangi. Hati nzima ya Nairobi ikapita kwa makubaliano.

MPWA: Na ndani ya kitabu Nairobi ni kituo njiani, mahali pa kupumulia baada ya Copenhagen. Nilipofika hapo nilisononeka kidogo. Sisi tuliowapokea tumekuwa jukwaa la kuchezea wengine.

SHANGAZI: Kitabu ni cha Wayahudi wa Marekani. Cha Nairobi andika wewe.

JIRANI: Mwalimu, mimi bado nina swali kuhusu yule aliyepigwapigwa kichwani. Yeye aliulizwa?

(Nilijua litafika. Kwangu ndilo jaribio la kitabu chote.)

SHANGAZI: Firestone? Alizaliwa Ottawa mwaka 1945, nyumba ya Wayahudi wa madhehebu ya Orthodox, baba mkali wa dini, akakulia Missouri. Mdogo wake mmoja, Tirzah, ni rabi leo. Yeye alitoka akavunja mlango nyuma yake. Mwaka 1970, ana miaka 25, akachapisha The Dialectic of Sex, kitabu kinachotaka hata mimba ihamishwe kutoka tumboni kwa mwanamke kwenda kwenye mashine. Baadaye akaugua akili kwa miaka mingi, akajitenga, akafa New York mwaka 2012. Ule mkutano wa 2011 hakuhudhuria.

MPWA: Na kitabu chake kinabishana na Marx, Engels na Freud. Rabi hata mmoja hamna.

JIRANI: Lakini Marx na Freud nao walikuwa Wayahudi.

MPWA: Umeona! Umeona, shangazi? Hesabu ikishaanza haina breki. Marx alibatizwa akiwa mtoto, na bado mzee wangu hapa kamtia kikapuni.

JIRANI: Nimeteleza tu, binti.

SHANGAZI: Lakini nawe usinifanye nisiseme la wazi. Msichana aliyelelewa akisikia kaka zake wanaamka asubuhi na kumshukuru Mungu kwa kutoumbwa mwanamke, akaandika kitabu kinachotaka kung'oa familia ya baba kutoka mizizini, nawe uniambie nyumba ile haihusiki? Friedan mwenyewe, Agosti 1970, kwenye maandamano makubwa ya New York, aliitaja sala hiyo hadharani, akasema kuanzia siku ile wanawake watashukuru kuumbwa wanawake. Sala ile ilikuwa inawakaa masikioni.

MPWA: Friedan aliitaja. Firestone hakuitaja. Mweke Firestone kwenye sura, simulia baba yake, simulia nyumba, simulia mlango. Nitasoma na nitaamini mengi. Ila mtoe kwenye hesabu.

SHANGAZI: Na wale tisa wa Boston?

MPWA: Waliulizwa?

SHANGAZI: Wengi wao.

MPWA: Basi wabaki waliojibu.

JIRANI: Na aliyejibu kwamba haukuwa na uzito wowote?

MPWA: Huyo aandikwe hivyo hivyo alivyosema, na namba ipungue mmoja.

SHANGAZI: Ukifanya hivyo, mwanangu, ifikapo ukurasa wa mia huna namba tena.

MPWA: Nitakuwa na kurasa mia za watu.